Karne Tisa za Kuchanika Msamba

Katika karne ya 12 hapakuwa na mji Ulaya uliosifika kwa tiba kama Salerno, bandari ya kusini mwa Italia. Karne iliyotangulia, Constantinus Mwafrika, msomi aliyetoka Afrika Kaskazini, alikuwa amegeuza vitabu vya tiba vya Kiarabu kuwa Kilatini, na waganga wa Salerno wakavisoma kwa uchu. Katika mji huo aliishi mganga wa kike aliyeitwa Trota. Sehemu ya ujuzi wake iliingia katika kitabu cha tiba za wanawake ambacho kilinakiliwa kwa mkono na kusambaa Ulaya yote.

Ndani ya kitabu hicho mna kifungu kifupi ambacho mkunga wa leo akikisoma atadhani kimeandikwa na mtu wa wodi ya jirani. Kinasema wapo wanawake ambao, kwa sababu ya upungufu wa wale wanaowahudumia, hupata balaa wakati wa kujifungua: uke na njia ya haja kubwa huchanika vikawa tundu moja. Kinaongeza kwamba wanawake hao hulificha jambo hilo. Kisha tiba inafuata hatua kwa hatua. Mahali palipochanika pashonwe kwa uzi wa hariri, mara tatu au nne. Kitambaa cha kitani kiwekwe, na lami laini ipakwe. Mama alazwe miguu ikiwa imeinuliwa, ale hapo hapo na kukidhi haja zake zote hapo hapo kwa siku 8 au 9. Asioge. Asipewe chakula kizito, na aepushwe na kila kitu kinacholeta kikohozi.

Aliyetoa maagizo hayo alikuwa amewauguza wanawake wa namna hii kwa mikono yake. Mtu hamkatazi mgonjwa kukohoa kama hajawahi kuona mshono ukifumuka kwa kikohozi. Na hakuishia kwenye tiba, kwani kifungu hicho kinaeleza pia kinga: kitambaa kiviringwe kama mpira na kukandamizwa nyuma kila mama anaposukuma, ili pasipasuke.

Baadaye vitabu vya Salerno viliunganishwa kuwa kimoja, jina la Trota likageuzwa kuwa jina la kitabu, na wasomi wakabishana kwa karne nyingi kama mwanamke huyo aliwahi kuishi. Mwanahistoria Monica Green ndiye aliyechambua nakala za kale na kuchapisha mwaka 2001 toleo linaloonyesha kwamba ni maandishi matatu ya waandishi mbalimbali, na kwamba Trota alikuwa mganga wa kweli. Sababu ya jeraha, siri inayolizunguka na namna ya kulizuia vilikuwa vimeandikwa tayari. Yaliyofuata ni hadithi ndefu ya mambo hayo kusahauliwa, kisha kutafutwa upya.

Msamba ni kipande kidogo cha nyama na misuli kilicho kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kichwa cha mtoto kinapotoka, sehemu hiyo hutanuka hadi ngozi ikang'aa, na mara nyingi huachia. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kinakadiria kwamba wanawake 9 kati ya 10 wanaojifungua kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida hupata mchaniko, mchubuko au mkato wa namna fulani. Mwingi ni wa daraja la kwanza, yaani ngozi tu, au la pili, unaofika kwenye misuli ya msamba. Hiyo hupona vizuri ikitunzwa. Daraja la tatu ndilo linalotisha, kwa kuwa hapo unakatika msuli wa duara unaofunga njia ya haja kubwa. Na la nne hupasua hadi utando wa ndani wa utumbo. Kwa hesabu za Chuo hicho, madaraja haya mawili huwapata wazazi wa mara ya kwanza wapatao 6 katika kila 100. Hatari huongezeka mtoto akiwa mkubwa, akizaliwa uso wake ukitazama juu, mabega yakikwama, kusukuma kukichukua muda mrefu au koleo likitumika kumvuta.

Msuli huo ukipona vibaya, mwanamke hushindwa kuzuia upepo, kisha choo laini, na wengine hata choo kigumu. Tendo la ndoa huuma. Mwanamke Mwislamu hutia udhu na kabla hajamaliza rakaa umeshatenguka. Mwingine huacha harusi, vikoba na safari ndefu za basi kwa kuogopa kunuka mbele za watu. Mume haelezwi, mama mkwe haelezwi, na daktari naye haelezwi kwa kuwa hakuuliza. Ile siri ya Salerno ingali hai.

Mkasi uliingia katika historia hii kupitia Dublin. Mwaka 1742 daktari Fielding Ould, ambaye baadaye aliiongoza hospitali ya wazazi ya mji huo, alichapisha kitabu cha ukunga. Humo alisema kwamba pakitokea njia kuwa nyembamba mno hata kichwa cha mtoto kisiweze kupita, daktari anaweza kuikata kuelekea nyuma kwa mkasi. Kwake lilikuwa jambo la dharura, la nadra. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1857, Carl Braun wa Vienna aliupa mkato huo jina la kitaalamu, episiotomia, lakini hata yeye hakuupendekeza. Karne ya 19 yote wakunga na madaktari wengi waliamini kwamba msamba hulindwa kwa mkono na subira.

Kilichogeuza mambo ni hospitali. Mwaka 1900 kule Marekani, uzazi uliofanyika hospitalini haukufika 5 kati ya kila 100. Nusu karne baadaye karibu 90 kati ya 100 walijifungulia huko, chali juu ya kitanda kirefu, miguu imefungwa juu, wengi wao wakiwa wamelazwa kwa dawa. Mama aliyelala hawezi kusukuma taratibu wala kuambiwa atulie. Daktari alikuwa na mwanga, uzi, ganzi na zamu iliyokuwa ikimsubiri.

Mtu aliyeipa hali hiyo hoja ya kitabibu ni Joseph DeLee wa Chicago. Ni haki kumweleza kwa ukamilifu, maana hakuwa mtu mbaya. Mwaka 1895 alifungua zahanati ya wazazi katika Mtaa wa Maxwell, katikati ya wahamiaji maskini, na wanafunzi wake walikwenda kuzalisha katika vyumba visivyo na maji ya bomba. Aliona wanawake wakifa kwa homa ya uzazi. Aliona pia wale waliopona wakiishi na vizazi vilivyoshuka na misamba iliyochanika, na hilo lilimkera kuliko lilivyowakera wenzake wengi. Mwaka 1920 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa magonjwa ya wanawake cha Marekani akauliza kama kweli uzazi wa kawaida ni wa kawaida. Alifananisha jeraha la mama na la mtu aliyeangukia uma wa kuchotea nyasi, na akasema pengine maumbile yamekusudia mwanamke atumike na kwisha katika kuzaa, kama samaki aina ya samoni anavyokufa akishataga.

Jibu lake lilikuwa utaratibu mmoja kwa kila mzazi wa mara ya kwanza: dawa za usingizi wakati wa uchungu, etha kichwa kinapokaribia, mkato wa msamba, mtoto kuvutwa kwa koleo, kondo kutolewa, kisha kushona kwa uangalifu. Alidai mshono wake unamrudisha mwanamke katika hali ya usichana. Wenzake walimpinga siku hiyo hiyo. Lakini mtindo wake uliwafaa madaktari wenye haraka, na baada ya miaka si mingi ukaingia katika vitabu vya kufundishia.

Hoja zilizofundishwa zilikuwa tamu kusikia. Mkato wa mkasi umenyooka, basi hushonwa kirahisi na hupona haraka kuliko mchaniko wa ovyo. Mkato huzuia mchaniko mkubwa. Mkato huokoa misuli isilegee uzeeni. Vizazi vya wanafunzi wa udaktari na ukunga vilizikariri hoja hizo, na karibu hakuna aliyeuliza nani alizipima. Ilipofika 1979, zaidi ya wanawake 60 kati ya kila 100 waliozaa kwa njia ya kawaida Marekani walikatwa. Mafunzo husafiri pamoja na vitabu, na katika wodi za wazazi za Afrika Mashariki nako kuongezewa njia kukazoeleka, hasa kwa mimba ya kwanza. Wapo akina mama waliojua wamekatwa pale tu nesi alipowaambia watulie washonwe.

Waliovunja ukimya hawakuwa mabingwa wa upasuaji. Mwaka 1981 Sheila Kitzinger, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikusanya masimulizi ya wanawake waliokatwa msamba na kuyachapisha. Walieleza kuketi upande mmoja kwa wiki nzima, maumivu ya tendo la ndoa, na hasira ya kukatwa bila kuulizwa. Miaka miwili baadaye Stephen Thacker na David Banta walipitia maandishi ya kitabibu yaliyochapishwa tangu 1860 wakitafuta ushahidi wa zile hoja tamu. Hawakuupata.

Kisha akaja mkunga. Jennifer Sleep, katika mji wa Reading nchini Uingereza, aliendesha na wenzake jaribio lililohusisha wanawake 1,000, matokeo yakatoka mwaka 1984. Kwa kura, nusu yao walihudumiwa na wakunga walioambiwa waepuke kukata isipokuwa mtoto akiwa hatarini. Nusu ya pili, wakunga waliruhusiwa kukata kwa uhuru ili kuzuia mchaniko. Kundi la kwanza walikatwa 10 kati ya 100, la pili 51. Siku ya 10 maumivu yalikuwa sawasawa. Miezi 3 baadaye, matatizo ya mkojo yalikuwa sawasawa. Tofauti moja ilionekana waziwazi: waliohudumiwa na mkunga mwenye kuepuka mkasi waliweza kurudia tendo la ndoa mapema zaidi. Miaka zaidi ya 60 baada ya hotuba ya 1920, dai la DeLee kuhusu mkato lilikuwa limepimwa hatimaye, na aliyelipima ni mwanamke wa cheo cha chini kuliko wote waliokuwa wakilijadili.

Huko Montreal, Michael Klein aliongoza jaribio lingine kwa wanawake 703, likachapishwa mwaka 1992. Amerika ya Kaskazini wanakata katikati, moja kwa moja kuelekea nyuma, na siyo pembeni kama Uingereza. Klein akagundua kwamba michaniko mikubwa, ile iliyofika kwenye msuli wa haja kubwa, karibu yote iliwapata waliokatwa. Fundi yeyote wa nguo anajua kwamba kitambaa kizima ni kigumu kukichana, lakini ukikikata kidogo ukingoni kinakwenda chenyewe. Mkasi uliokusudiwa kulinda msuli ulikuwa ukiufungulia njia mpasuko.

Mwaka uliofuata ukaja ushahidi mkubwa kuliko wote, safari hii kutoka Argentina, ambako karibu kila mzazi wa mara ya kwanza alikatwa. Hospitali 8, wanawake 2,606. Katika kundi la desturi walikatwa 83 kati ya 100, katika kundi la kuchagua 30. Michaniko mikubwa ilikuwa 1.5 kwa 100 katika kundi la kwanza na 1.2 katika la pili. Yaani wanawake wengi sana waliepushwa mkato na michaniko mikubwa haikuongezeka. Watafiti wakasema wazi kwamba kukata zaidi ya 30 katika 100 hakuwezi kuhalalishwa.

Mwaka huo huo wa 1993, London ilitoa habari ya aina nyingine, iliyowanyima usingizi madaktari wengi. Abdul Sultan na wenzake walitumia kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoingizwa katika njia ya haja kubwa ili kuutazama ule msuli wa duara kabla na baada ya kujifungua. Kati ya waliozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, 35 katika kila 100 walionekana na kasoro katika msuli huo. Katika karatasi zao za leba karibu hakuna aliyekuwa ameandikiwa jeraha hilo. Watu wakaanza kulizungumzia kama jeraha lililojificha, lisiloonekana kwa macho.

Je, kweli halionekani? Sultan alirudia swali hilo miaka zaidi ya 10 baadaye, pamoja na Ranee Thakar na Vasanth Andrews, katika hospitali ya kusini mwa London. Wanawake 241 waliojifungua kwa mara ya kwanza walikaguliwa kama kawaida na mkunga au daktari aliyewazalisha, kisha wakakaguliwa upya na mtaalamu kabla ya kushonwa. Ukaguzi wa kawaida ulikuwa umepata michaniko ya msuli kwa 11 katika 100. Wa pili ulipata karibu 25. Wakunga walikuwa wamepitwa na majeraha 87 katika kila 100 ya aina hiyo, madaktari 28. Kipimo cha mawimbi kilipotumika, kiliongeza machache mno. Kumbe lilikuwa likionekana, ila halikutazamwa. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine: mwanga wa kutosha, mama aelezwe na aridhie, kidole chenye glovu kipitishwe katika njia ya haja kubwa huku kidole gumba kikiwa upande wa uke, na nyama iliyo katikati ipapaswe kuona kama duara limekamilika. Ni kazi ya dakika chache, ila mkunga lazima awe amefundishwa nini anatafuta.

Sultan ndiye pia aliyegawa daraja la tatu katika vipande vidogo kulingana na kiasi cha msuli kilichokatika, na mgawanyo huo sasa hutumika katika nchi nyingi. Uingereza ilipoanza kutazama kwa makini, takwimu zilipanda: kutoka 1.8 katika 100 mwaka 2000 hadi 5.9 mwaka 2012, kwa wazazi wa mara ya kwanza. Sehemu ya ongezeko hilo, kwa maoni ya watafiti wenyewe, ilitokana na majeraha ambayo zamani yalipita bila kuandikwa.

Norway iliona aibu ya namna yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michaniko mikubwa ilikuwa imefika karibu 4 katika 100 nchini humo, ilhali Finland, jirani yake, haikufika hata 1. Wanawake wa nchi hizo mbili hawatofautiani kimaumbile kiasi hicho. Tofauti ilikuwa mikononi. Wakati huo sehemu nyingi za Ulaya wakunga walikuwa wakifundishwa kuacha kichwa kitoke chenyewe bila kugusa msamba. Wafini hawakuacha mtindo wa mabibi zao.

Mtindo huo ni huu. Kichwa kinapoanza kuonekana na kutorudi tena, mkono mmoja wa mkunga unakaa juu ya kichwa cha mtoto, ukikizuia kisifyatuke. Mkono wa pili uko kwenye msamba, umefunikwa kwa kitambaa safi: kidole gumba upande huu, cha shahada upande ule, vikibana nyama kuelekea katikati ili mvutano upungue pale panapotaka kupasuka, na kidole cha kati kilichokunjwa kikitafuta kidevu cha mtoto kutoka nje. Mama anatazamwa usoni. Anaambiwa aache kusukuma sasa, apumue kwa pumzi fupi fupi, amwache mtoto ateleze mwenyewe. Hapana kelele za "sukuma, sukuma." Sekunde chache hizi ndizo zinazoamua mambo, na ndizo ambazo leba yenye wazazi 3 na mkunga mmoja huzikosa.

Katika hospitali ya Fredrikstad, Katariina Laine na wenzake waliwafundisha wakunga na madaktari mkono huo, wakafuatilia uzazi 12,369 kati ya 2002 na 2007. Michaniko ya msuli ilishuka kutoka 4.03 katika 100 hadi 1.17. Hospitali nyingine za Norway zikaiga, nazo zikapata matokeo ya namna hiyo. Hakikununuliwa kifaa chochote kikubwa.

Wakati huo huo, nchini Australia, mkunga Hannah Dahlen alipima jambo ambalo wakunga wa nchi nyingi hufanya bila kitabu: kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kikakamuliwa na kuwekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma. Jaribio lake la wanawake 717 lilichapishwa mwaka 2007. Maumivu yalipungua, na michaniko mikubwa pia ilipungua. Tafiti zilizojumlishwa baadaye zilithibitisha hivyo. Yule mganga wa Salerno aliyeagiza kitambaa hakuwa mbali na ukweli.

Hata uzi una historia yake. Kwa muda mrefu msamba ulishonwa kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa wanyama, fundo moja moja. Nyama huvimba baada ya uzazi, na kila fundo hubana likauma. Mkunga mwingine wa Uingereza, Christine Kettle, aliwagawa wanawake 1,542 katika makundi: wengine wakashonwa fundo moja moja, wengine kwa uzi mmoja unaopita mfululizo bila kukazwa. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba siku ya 10 waliokuwa na maumivu ni 44 katika 100 kwa mshono wa mafundo na 26.5 kwa mshono mfululizo. Uzi mfululizo hutumia hata vifaa vichache zaidi. Ni nadra tiba bora kuwa pia ya bei nafuu, na inasikitisha kwamba elimu hii husambaa polepole kuliko dawa mpya yenye kampuni nyuma yake.

Afrika Mashariki inabeba mzigo wake katika historia hii, na sehemu kubwa ya mzigo huo bado haijaandikwa. Katika jamii zinazokeketa, kovu huingia leba kabla ya mtoto. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 utafiti wa wanawake 28,393 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwamo. Waliokeketwa, hasa kwa ukeketaji mkubwa zaidi, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kujifungua kwa upasuaji, kuvuja damu nyingi na kuongezewa njia. Ngozi ya kovu haitanuki kama ngozi iliyoumbwa.

Kisha wako wanaojifungulia mbali na hospitali, au hospitalini bila mtu wa kukagua, na kurudi nyumbani wakiwa wamechanika daraja la nne bila kushonwa. Bibi humkanda maji ya moto, arobaini inatimia, mtoto anatolewa nje, na mama anaanza kujifunga vitambaa. Wanawake hawa hujitokeza miaka mingi baadaye, mara nyingi wakati wa kambi za upasuaji wa fistula, kwa kuwa tangazo la redio limesema watibiwe wanaovuja. Fistula ni jeraha tofauti, tundu linalotokana na kichwa cha mtoto kukaa muda mrefu kikikandamiza kibofu au utumbo. Ila kwa mama aliye kijijini dalili zinafanana, na aibu ni ile ile.

Ndiyo maana historia ya fistula na ya msamba zinakutana katika vitanda vile vile. Addis Ababa, madaktari Reginald na Catherine Hamlin waliofika Ethiopia mwaka 1959 walimpokea msichana wa kijijini aitwaye Mamitu Gashe, aliyeumizwa vibaya na uzazi wa kwanza. Hakuwa na elimu ya darasani. Wakati wa matibabu yake alianza kutandika vitanda, kisha kushika vifaa katika chumba cha upasuaji, kisha kushona. Akawa mpasuaji aliyefundisha madaktari waliotoka ng'ambo, na mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza kikamtunukia medali pamoja na akina Hamlin. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iligundua kwamba kilichowazuia wengi kufika kwenye matibabu ya bure ni nauli, na kuanzia 2009 ikawa inatuma pesa kwa M-Pesa kwa mtu wa kijijini anayemsafirisha mgonjwa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu huduma wakati wa uchungu. Kukata msamba kwa desturi hakupendekezwi tena. Pale inapolazimu, ganzi na ridhaa ya mama ni sharti. Kukanda msamba, vitambaa vya moto na mkono wa kulinda vimepewa nafasi yao rasmi. Miaka mitatu kabla, shirika hilo lilikuwa limependekeza mama mwenye mchaniko wa daraja la tatu au la nne apewe dawa ya kuzuia maambukizi.

Mama aliyeshonwa kwa daraja hilo anahitaji vitu vichache vinavyopatikana hata katika hospitali ya wilaya: dawa ya kulainisha choo, maji safi ya kujiosha kila anapotoka chooni, mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, na mtu wa kumuuliza waziwazi, wiki 6 baadaye mtoto anapopelekwa kliniki kwa chanjo, kama anaweza kuzuia upepo na choo. Anayesema hapana bado ana nafasi. Hata baada ya miaka, mpasuaji anaweza kuzitafuta ncha mbili za msuli uliokatika, akazivuta zikakutana na kuzishona upya. Akishika mimba nyingine na bado ana dalili, anayo haki ya kuelezwa na kuchagua kujifungua kwa upasuaji, na jambo hilo liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki mapema, kabla uchungu haujamkuta njiani.